Mayai ya Mjomba

Jimu ninayofanyia mazoezi haina kioo wala kiyoyozi. Ni uani kwa mtu, Ng'hong'hona, chini ya mwarobaini, na vyuma vyake vingi si vyuma: ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mawili mawili, yakaunganishwa kwa bomba. Unalipa buku, unapiga tizi mpaka giza linaingia, unajikung'uta vumbi, unaondoka.

Nilianza kwenda pale mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, nikiwa na kilo 58. Ungeniuliza sababu ningekwambia afya. Sababu ya kweli ni kwamba nilichoka kuulizwa kama naumwa. Kwetu msomi mwembamba ni kichekesho. Watu husema shule imemla. Na kulikuwa na jambo jingine nililolitambua baadaye. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikuwa imekwama, kazi nilizoomba hazikuwa na majibu, lakini kopo la zege lilijibu siku hiyo hiyo. Jana lilikushinda, leo umeliinua. Katika maisha yangu ya wakati ule hapakuwa na kitu kingine kilichonijibu waziwazi hivyo.

Kila jimu ina mahubiri yake, na yetu yalihusu protini. Upande mmoja walikuwa watu wa kopo: unga wa protini kutoka nje, unaotiwa kwenye chupa na maji na kutikiswa kama dawa ya kikohozi. Kinara wao alikuwa kaka mmoja mtumishi wa wizara, aliyekuja Dodoma na wimbi la serikali kuhamia huku baada ya tangazo la mwaka 2016. Upande wa pili tulikuwa watu wa asili: mayai, maharage, dagaa, maziwa, njugu mawe. Mimi nilijiunga na asili kwa sababu sikuwa na hela, na baada ya mwezi mmoja nikaanza kuuita ukata huo msimamo. "Mimi asili tupu," nilikuwa nikisema, huku nikijipiga kifua ambacho kwa kweli bado hakikuwepo.

Ili nishinde ubishi, nilifanya kile ambacho mwanafunzi wa uzamili hufanya anapoikimbia tasnifu yake: nilisoma vitu vingine. Niligundua kwamba unga ule si uchawi. Maziwa yanapogandishwa kuwa jibini hubaki maji yenye rangi ya manjano. Viwanda vya Ulaya na Marekani viliwahi kuyamwaga au kuwapa nguruwe, kabla ya kujua kwamba yakichujwa na kukaushwa yanauzika. Kreatini, ile poda nyeupe inayotajwa sana na watu wa vyuma, iligunduliwa mwaka 1832 na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ndani ya nyama, na jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki la nyama. Siku hizi hutengenezwa kiwandani bila ng'ombe yeyote kuhusika. Je, ni ya asili? Mwili wenyewe hauulizi swali hilo. Anayeuliza ni mtu, na mara nyingi huwa anatafuta namna ya kujiona bora kuliko jirani yake.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha majaribio 49, ulionyesha kwamba kwa wastani anayenyanyua vyuma haongezi misuli zaidi kwa kula protini kupita takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mimi nilikuwa nimefika kilo 64, kwa hiyo gramu 102. Nikachukua kalamu. Kopo la kaka yule, kwa bei aliyonitajia, lilitoa gramu moja ya protini kwa zaidi ya shilingi 160. Yai la dukani, lenye gramu sita hivi, kwa shilingi 400, lilitoa gramu moja kwa shilingi 67. Maharage, shilingi elfu tatu kwa kilo, gramu moja kwa shilingi 14 au 15. Karanga na dagaa hawakuwa mbali na maharage. Nilimwonyesha karatasi. Aliitazama kwa heshima, akasema, "Sawa chifu, lakini mimi natoka kazini saa kumi na mbili. Nani anichemshie hayo maharage?" Sikuwa na jibu, kwa sababu mimi nilikuwa na muda mwingi kuliko nilivyopenda kukiri.

Nilikuwa na silaha nyingine. Kati ya mwaka 2000 na 2001, maabara ya kupima dawa za michezo iliyoko Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13. Vilivyokutwa na homoni za kiume, au viasili vyake, ambavyo havikutajwa kwenye lebo vilikuwa 94, karibu kimoja kati ya saba. Yai, nilisema, halina lebo ya kudanganyia mtu. Ubishi ule nilishinda.

Mayai yangu mimi sikununua dukani. Yalitoka kwa mama.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Chamwino, upande wa Mvumi. Kila baada ya wiki mbili kondakta wa basi alinishushia ndoo ndogo iliyojaa pumba za uwele, na ndani ya pumba mayai kumi na tano ya kienyeji, hakuna lililopasuka. Yalianza kuja baada ya mimi kulalamika kwenye simu. Nilimwambia mama kwamba masomo ya ngazi hii ni magumu, akili inahitaji chakula, na chakula cha mjini ni ugali na maharage ya maji. Yote hayo yalikuwa kweli. Nisichosema ni neno moja kuhusu makopo ya zege.

Pasaka nilikwenda nyumbani. Mama anamlea mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, tangu dada aende Dar es Salaam kutafuta maisha. Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nimekaa nje na kikombe cha chai, nikamwona yule mtoto akitoka chini ya kihenge kwa magoti, ameshika yai kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji. Alipita jikoni bila kugeuka, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya pumba, akalichimbia yai shimo dogo, akalifunika.

Nikamwambia, "Mpelekee bibi akupikie."

Alinitazama kwa mshangao. "Ya mjomba," akasema. Alikuwa anamwambia mjomba mwenyewe.

Nilimwuliza mama. Alikuwa anachambua mlenda na hakuinua kichwa. Alisema mtoto hana shida, anakula ugali na mlenda na anashiba. Kadi ya kliniki ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Nilipoitoa, mama alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa, kwamba mstari umelala kidogo. Nilikuwa nimewahi kuziandika takwimu hizi kwenye kazi za darasani: kwa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 asilimia 34 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na utafiti wa mwaka 2022 ukakuta asilimia 30. Nilizitumia kama mtu anavyotumia matofali. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya asilimia kunaweza kuwa na mtoto anayenitunzia yai kwenye pumba.

Kwenye basi la kurudi nilipiga hesabu nyingine. Mama ana kuku wanane wanaotaga. Kuku wa kienyeji, anayejitafutia, hutaga mayai kama hamsini kwa mwaka. Wanane mara hamsini ni mia nne. Gawa kwa wiki mbili mbili, unapata kumi na tano. Hakuwa ananitumia ziada. Alikuwa ananitumia yote, hata yale ambayo yangeatamiwa yakawa vifaranga.

Katika kozi moja ya maadili tulisoma kitabu cha pili cha *Nicomachean Ethics*. Humo Aristotle anaeleza kwamba kadiri ya wema si nusu ya hesabu, kama sita ilivyo katikati ya mbili na kumi. Mfano wake ni wa chakula cha mwanamichezo: kipimo cha sita huenda kikawa kidogo kwa Milo, yule mwana mieleka mashuhuri wa Croton, na kikawa kikubwa mno kwa anayeanza mazoezi. Darasani tulicheka kidogo, tukapita. Nikiwa kwenye basi, mfano ule ulirudi na namba zangu mwenyewe. Yai moja lilikuwa sehemu moja ya kumi na saba ya mahitaji niliyojipangia kwa siku. Nikilikosa, maharage kiganja kimoja yanaziba pengo. Kwa mtoto wa kilo kumi na tatu, ambaye mahitaji yake ni kama gramu 11 au 12 kwa siku, yai hilo hilo ni karibu nusu. Milo alikuwa mimi, lakini Milo wa uongo, kwa sababu gramu 102 zangu zilitokana na lengo nililojichagulia mwenyewe.

Hapo ndipo ubishi wetu wa asili na kopo ulipoanza kunikera. Yule kaka wa wizara, na chupa yake ya kutikisa, alikuwa ananunua protini kwa mshahara wake, kwa bei ya kijinga, bila kuitoa mdomoni mwa mtu ndani ya nyumba yake. Mimi wa asili tupu nilikuwa nakula kifua changu kutoka kwenye sahani ya mtoto. Chakula changu kilikuwa safi kabisa: hakina lebo, hakina homoni, kimetoka kwa kuku anayetembea juani. Neno "asili" lilinisaidia kutouliza kilikotoka kwa maana ile nyingine ya kutoka.

Sitaki kujifanya kwamba jambo hili lilianza na mimi. Nyumbani kwetu, baba alipokuwa hai, firigisi ilikuwa yake. Kuku akichinjwa, sisi watoto tulijua shingo ni ya nani na miguu ni ya nani, na hakuna aliyenyoosha mkono kuelekea firigisi. Niliambiwa pia kwamba mtoto akizoeshwa mayai atakuwa mwizi, na mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Nikiwa mkubwa nilizicheka imani hizo mbele ya wenzangu. Lakini tazama zinavyofanya kazi: kila moja huondoa protini kwa yule ambaye mwili wake unaihitaji zaidi na kuiacha kwa mwenye heshima. Mimi sikuhitaji mwiko. Nilikuwa na shahada, na shahada inatosha kabisa kukupa firigisi.

Msomaji atasema, basi mpe mtoto mayai, mambo yaishe. Nami nilisema hivyo. Kisha nikakumbuka kwamba dunia ilishawahi kuamini jambo linalofanana na hilo na ikajikwaa. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wengi wa lishe waliamini kwamba tatizo kubwa la watoto wa nchi maskini ni upungufu wa protini. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yakashughulika, unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta ukagawiwa, vyakula maalumu vya protini vikabuniwa. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la *The Lancet* kwamba jambo lote lile lilikuwa kosa kubwa. Watoto wengi hawakukosa protini peke yake, walikosa chakula. Mwili usiposhiba nguvu huichoma protini kama kuni. Nilipolisoma hilo nilijicheka, maana miezi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimepunguza ugali ili nionekane nimekatika, na hivyo sehemu ya mayai ya mama ilikuwa inaungua bila hata kufika kwenye kifua.

Na yai lenyewe si muujiza. Jaribio la Ecuador, lililochapishwa mwaka 2017, liliwapa watoto wachanga wa kuanzia miezi sita hadi tisa yai moja kila siku kwa nusu mwaka, na udumavu ukapungua sana. Jaribio la namna hiyo likafanywa Malawi, likachapishwa miaka michache baadaye, na ukuaji wa urefu haukubadilika. Watoto wa huko tayari walikuwa wakipata samaki wa ziwani. Kwetu hakuna ziwa la kutegemea. Kuna kunde, choroko, karanga na njugu mawe, vitu ambavyo wazee walikula pamoja na ugali wa mtama na uwele kabla mtu hajawaeleza kwamba nafaka ina upungufu wa laisini na mikunde inaziba pengo hilo. Mtoto wa dada yangu anahitaji hivyo vyote, na mafuta, na maji safi, na mama yake. Yai ni sehemu tu. Lakini ndiyo sehemu iliyokuwa mikononi mwangu.

Kozi ile ile ya maadili ilitupa insha ya Peter Singer ya mwaka 1972, ile ya mtoto anayezama bwawani, iliyoandikwa kwa sababu ya njaa ya Bengal. Hoja yake ni kwamba umbali si kisingizio: ukiweza kuzuia jambo baya sana bila kutoa kitu chenye uzito unaolingana, unapaswa kulizuia. Ni insha kali na sina ugomvi nayo, ila inadhani tatizo ni kumfikia mgeni aliye mbali. Mimi nilikuwa mbali, kilomita chache, na mtoto wa karibu ndiye aliyekuwa ananitumia chakula mimi. Hakuna aliyezama. Kulikuwa na mama aliyeamua, kwa akili timamu, kuwekeza kwa mtu mmoja wa ukoo aliyefika mbali kimasomo, kwa matumaini kwamba siku moja atamvuta na huyu mdogo. Uamuzi huo unaweza kutetewa. Watu wengi waliosoma nchi hii wamesoma kwa mayai ya namna hiyo, na wengine wamelipa.

Hivyo kilichoniumiza hakikuwa tu kwamba nilipokea. Niliibadilisha zawadi ikiwa njiani. Mama alituma mayai kwa tasnifu. Mimi niliyapeleka kwenye makopo ya zege. Nikimpa kondakta nauli ya mzigo akaenda kuinywea bia, namwita mwizi. Kwangu nilikuwa nimetafuta jina laini zaidi.

Nilimwambia mwezi Mei, kwa simu, usiku. Nilieleza kwa kuzunguka, kisha nikasema waziwazi: mama, mayai nakula ili nipate kifua. Kimya kilikuwa kirefu, nikadhani salio limekwisha.

"Kifua?" akasema. "Cha kubebea nini?"

Sijui kama alitania. Lakini swali hilo lina historia upande huu wa nchi. Katika karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara kutoka pwani ilipita Ugogo, na misafara ilitembea kwa mabega ya watu. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana, na ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Mwaka 1947 Waingereza walirudi na matrekta Kongwa, kulima karanga ili kwao wapate mafuta ya kula. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mwili wenye nguvu hapa umekuwa na maana ya mzigo kwa muda mrefu sana, na mara nyingi mzigo wa mtu mwingine. Kwamba kijana anaweza kutafuta misuli kwa ajili ya kuwa nayo tu, ili ajitazame, ni anasa mpya. Simlaumu anayeitaka, naitaka bado. Ila sikuweza kumjibu mama, na mpaka leo sijapata jibu ambalo ningethubutu kulisema kwa Kigogo.

Nilimwomba mayai ampe mtoto. Alisema atafikiri.

Sasa nakula kunde, njugu mawe na dagaa, na ugali wa kutosha. Mwezi uliopita, nilipolipwa kwa kazi ya kukusanya takwimu, mimi na kaka wa wizara tuligawana kopo moja. Ladha yake ni kama chaki iliyotiwa vanila. Nina kilo 67. Kambi ya asili wananiita msaliti.

Ndoo ilikuja tena wiki iliyopita. Ilikuwa nzito kuliko zamani: njugu mawe mpaka juu, na katikati, ndani ya kitambaa, mayai matatu. Nilimpigia mama nikamshukuru, nikamwuliza kama mtoto anakula mayai siku hizi.

"Anakula Jumapili," alisema. "Mengine wanaatamia. Kuku wawili wamelala, vifaranga wakitoka tutaona." Kisha, kabla hajakata: "Na hicho kifua, kinaendeleaje?"